Saa za Ziada ni za Nani?

Mpenzi msomaji, katika kazi yangu ya ukatekista nimeitwa mara nyingi kuketi na bwana na bibi waliokosana. Kwa kawaida sababu haihitaji kutafutwa sana: ni pombe, ni mwanamke mwingine, ni mshahara usiofika nyumbani, ni mkono uliozoea kupiga. Hapo hata mtoto wa darasa la nne aweza kukuonyesha mwenye makosa. Lakini mwaka jana niliitwa katika nyumba moja nje kidogo ya mji wa Kilifi, na mshtakiwa alikuwa boti.

Si ngalawa wala mashua ya tanga. Ni boti ya mashine, ya faiba, urefu wake futi 18. Ilitumika miaka mingi kupeleka watu kuvua samaki bahari kuu, kisha mwenyewe akaiacha ufuoni ikajaa maji ya mvua. Bwana wa nyumba hiyo aliinunua bila mashine kwa shilingi 45,000, akaileta kwa lori, akaishusha uani chini ya mwembe. Nitamwita Baba Kadzo, na bibi yake Mama Kadzo, ingawa hayo si majina yao. Baba Kadzo ni karani katika duka la vifaa vya ujenzi. Hutoka kazini saa kumi na moja jioni, na Jumamosi saa saba mchana. Saa zilizobaki alikuwa akizimaliza kwenye boti, na huo ulikuwa mwaka wa tatu.

Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti, alianza yeye.

"Mwalimu, niulize kama nalewa. Niulize kama nina mwanamke nje. Nikitoka kazini nakuja moja kwa moja nyumbani. Niko hapa hapa uani, ananiona kwa macho. Sasa kosa langu ni lipi?"

Nakiri, mpenzi msomaji, kwamba nilikosa la kumjibu. Kila alilosema lilikuwa kweli. Mama Kadzo mwenyewe hakulikana hata moja. Alikuwa amekaa mkekani akichambua mchele, akasema tu, "Ni kweli, halewi," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisikia neno hilo mara mia.

Baadaye, nikirudi nyumbani, ndipo nilipoona udhaifu wa utetezi ule. Mtu anayejipima na mlevi daima atajiona mzuri. Sisi waume wengi tunaishi kwa kipimo hicho: simpigi, simnyimi, silali nje. Hayo yote ni mambo tusiyoyatenda. Ukimwuliza mwanamume wa namna hiyo ni lipi analolitenda, anaweza kunyamaza kitambo kirefu.

Lakini nisimwonee. Baba Kadzo alinipeleka kuiona boti, na kwa kweli nilipendezwa. Nilifikiri ni takataka, kumbe ndani yake mna elimu. Alinieleza kwamba chombo cha mbao, kama majahazi yanayoundwa kule Matondoni katika kisiwa cha Lamu, hutangaza ugonjwa wake mapema: pamba ya kalafati ikilegea katikati ya mbao, maji huingia nawe unaona. Faiba si hivyo. Nje inang'aa kama sahani, na ndani, hasa kule tezini mashine inapofungwa, kuna plaiwudi iliyofunikwa. Maji huingia kidogo kidogo kupitia matundu ya bolti, hunyonywa na plaiwudi, nayo huoza gizani kwa miaka bila mtu kujua. Siku moja unafunga mashine nzito, unaongeza mwendo, na ubao wote unachomoka ukiwa baharini.

Alichukua nyundo ndogo akagonga mbele: ko, ko, ko. Akagonga nyuma, sauti ikawa butu, kama mtu anayegonga papai bovu. "Hapa palikuwa pameoza kote, Mwalimu," akasema. Alikata ngozi ya ndani ya faiba, akachimba plaiwudi iliyooza kwa patasi hadi ikatoka kama majani ya chai yaliyotumika, akaacha pakauke kwa wiki nyingi, akaunganisha plaiwudi mpya tabaka juu ya tabaka, na sasa alikuwa akiifunika tena kwa faiba na rezini. Mikono yake ilikuwa na mabaka, kwa maana vumbi la faiba huwasha sana. Nilimtazama usoni nikamwona ni mtu mwingine. Kutwa nzima dukani anaambiwa leta hiki, hesabu kile, kwa nini misumari imepungua. Chini ya mwembe yeye ndiye anayeamua, na kitu kilichoharibika kinapona kwa mkono wake. Asiyewahi kuonja furaha ya namna hiyo asiharakishe kuicheka.

Kuhusu pesa sitasema mengi. Zilikuwapo kelele za pesa, hasa mwezi wa Januari alipolipia rezini wakati karo ya Kadzo bado haijatimia. Hilo lilikuwa kosa la wazi na alikwisha kulikubali. Alisema pia kwamba boti itakuja kuleta riziki kwa kupeleka wageni baharini. Labda. Nilimkumbusha tu kwamba kabla ya kupakia abiria hata mmoja itabidi ikaguliwe na kupewa leseni na Kenya Maritime Authority, na awe na jaketi la kuokolea kwa kila kichwa. Akasema anajua. Kisha akaongeza neno ambalo waume wengi hulisema: "Nafanya haya yote kwa ajili yao." Nilimtazama Mama Kadzo. Hakuinua macho kutoka kwenye mchele.

Kilichomfanya aniite mimi hakikuwa pesa. Jumamosi moja, saa kumi alasiri, mtoto wao mdogo wa miaka mitatu alianza kuchemka mwili. Mama Kadzo akaita, "Baba Kadzo, njoo umshike mtoto nitafute kadi yake na pesa." Sauti ikatoka chini ya mwembe: "Ngoja kidogo, rezini imeshaanza kushika." Akangoja. Akaita tena. "Ngoja, nakuja." Mara ya tatu hakuita. Alimfunga mtoto mgongoni, akasimamisha bodaboda barabarani, akaenda peke yake zahanati. Mtoto alipimwa akaonekana ana malaria, akapewa dawa, akapona. Baba Kadzo alipomaliza kazi yake, alikuta nyumba tupu na mlango wazi.

Sasa hapa ndipo pana swali gumu. Baba Kadzo hakusema uongo. Rezini ikishachanganywa na dawa yake ya kugandisha haimngojei mtu. Una kama robo saa, na kwa joto la pwani pengine hata chini ya hapo, kisha inapata moto ndani ya kopo na kuwa jiwe. Ukiiacha katikati, kazi ya wiki nzima na pesa zake zimepotea. Basi katika dakika ile, mwenye haki alikuwa nani? Wengine watasema mtoto ni mtoto, rezini ni rezini, na mimi nakubaliana nao kabisa. Lakini hata tukisema hivyo bado hatujafika kwenye kiini, kwa sababu Baba Kadzo hakujua kwamba homa ni kali. Alidhani ni ngoja kama zile ngoja nyingine.

Nadhani kosa lake halikuwa katika dakika ile. Lilikuwa katika miaka mitatu iliyotangulia, ambamo nyumba ilikuwa imepangika kwa namna ya kwamba kuna mtu mmoja asiyeweza kusumbuliwa na mtu mmoja ambaye anaweza kusumbuliwa wakati wowote. Hakuna aliyekaa chini akaupitisha mpango huo. Ulijijenga wenyewe. Kazi ya Baba Kadzo ikawa ile isiyokatizwa, na kazi ya Mama Kadzo ikawa ile inayokatizwa na kila mtu, hata na kuku.

Tuliangalie sasa neno lenyewe, saa za ziada. Ziada ni kile kinachobaki baada ya kazi kwisha. Baba Kadzo ana kengele: saa kumi na moja duka linafungwa, kazi imekwisha. Mama Kadzo huamka saa kumi usiku kukaanga mahamri ya kuuza barabarani. Akirudi kuna vyombo, kuna maji, kuna nguo, kuna chakula cha mchana, kuna watoto wa shule, kuna chakula cha usiku. Hakuna kengele. Kwake yeye ziada haibaki. Ndipo nilipoanza kujiuliza kama zile saa za bwana kweli zilikuwa zimebaki tu zenyewe, au kuna mtu aliyekuwa akizilipia.

Jibu lilikuwa limesimama uani, mbele ya macho yangu, nalo lilikuwa pipa.

Mashine ya boti, msomaji, hupozwa kwa maji. Ndani yake kuna pampu yenye kigurudumu cha mpira kinachovuta maji kutoka chini na kuyazungusha ili isiungue, na ukiiwasha pakavu mpira ule huharibika mara moja. Kwa hiyo mtu anayeitengeneza nyumbani huining'iniza mashine juu ya pipa la maji, miguu yake ikiwa ndani, ndipo aiwashe. Vilevile ikishatumiwa baharini lazima isafishwe kwa maji matamu ili chumvi isiile. Baba Kadzo alikuwa amenunua mashine kuukuu, ile ya kuchanganya petroli na oili, na karibu kila jioni alikuwa akiijaribu. Alinionyesha kwa fahari jinsi maji yanavyotoka kwenye kile kitundu cha pembeni, dalili kwamba pampu ni nzima.

Pipa lile hujazwa na mitungi kumi ya lita 20. Mashine ikishanguruma ndani yake, maji huvaa utando wa mafuta, wala hayafai kupikia wala kuoshea hata sufuria. Nikauliza, bila nia mbaya, "Maji haya hutoka wapi?" Baba Kadzo akaonyesha kwa kidole kule kwenye bomba la kijiji, mwendo wa robo saa. Nikauliza ni nani huyachota. Hapo hakuonyesha kwa kidole.

Mama Kadzo ndiye aliyevunja kimya. "Mwalimu, yeye husema boti haimgharimu chochote siku za katikati ya wiki kwa sababu ni kujaribu mashine tu."

Nilitaka kusaidia, nikafanya kosa ambalo sisi walimu hulifanya. Nikadhani nimepata mfano mzuri wa kufundishia. Nikaanza kusema kwamba ndoa nayo ni kama boti hii ya faiba, nje inang'aa na ndani ubao unaoza, na kwamba laiti Baba Kadzo angempa bibi yake nusu ya subira anayoipa boti. Mama Kadzo alinikatiza kwa upole. "Mwalimu, mimi si boti. Boti ukiiacha miezi miwili haijui kwamba imeachwa." Nikaufunga mfano wangu mfukoni. Alikuwa na haki. Subira kwa chombo ni rahisi kwa sababu chombo hakikungojei. Ukirudi utakikuta pale pale, hakijanuna, hakijakata tamaa. Mtu huenda akakutwa pale pale huku moyo wake ukiwa umeondoka zamani.

Nikageukia amri ya Mungu kuhusu siku ya kupumzika. Nikawakumbusha kwamba katika amri ile hakuamriwa mwenye nyumba peke yake apumzike. Wametajwa mwana na binti, wametajwa watumishi, ametajwa mgeni, wametajwa hata ng'ombe na punda. Pumziko la mmoja lisijengwe juu ya mgongo wa mwingine, awe mtumwa au mnyama.

"Umetaja ng'ombe, ukataja punda," akasema Mama Kadzo. "Mke yuko wapi?"

Mpenzi msomaji, nimewafundisha watoto amri hizo kwa miaka zaidi ya kumi na mitano, na sikuwahi kuliona hilo. Hakutajwa. Nikafikiri kidogo, nikamjibu kama ninavyoamini hadi leo: mke hakutajwa kwa sababu yumo ndani ya neno "wewe". Hao wawili ni mwili mmoja, na anayeambiwa "wewe" ameambiwa wote wawili.

Akatikisa kichwa polepole, kama aliyeridhika. Kisha akasema, "Basi kama ni mwili mmoja, mbona nusu moja inapumzika na nusu nyingine inachota maji?"

Baba Kadzo akaruka. "Napumzika? Mimi huku natoa jasho, nameza vumbi! Hiyo ni kupumzika?" Nami namwelewa. Kwa jasho, kazi yake chini ya mwembe inashinda ile ya dukani. Lakini pumziko halipimwi kwa jasho. Kuna kazi mtu anayoichagua na kuna kazi inayomchagua mtu. Saa ambayo wewe mwenyewe umeamua utafanya nini, hata ukiibeba milima, hiyo ni saa yako. Nikamwuliza Mama Kadzo lini mara ya mwisho alikuwa na saa ya namna hiyo. Akafikiri kwa muda mrefu hata nikaona haya kwa kuuliza. Akasema, "Nilipolazwa hospitali kumzaa huyu mdogo, siku ya pili."

Sikulala vizuri usiku ule, na si kwa ajili yao tu. Nilipomsimulia bibi yangu habari ile, bila kutaja majina, alicheka kidogo akasema, "Na wewe boti yako ni kanisa." Nikakasirika. Boti na kazi ya Mungu! Lakini alihesabu kwa vidole: Jumatatu kwaya, Jumatano mafundisho, Alhamisi jumuiya ndogo ndogo, Jumamosi kikao, na jioni nyingine zote kupatanisha ndoa za watu. "Nami nani atakuja kutupatanisha," akasema, "na katekista mwenyewe hayupo nyumbani?" Kitu chaweza kuwa chema, hata kitakatifu, na bado kikalipiwa na mtu ambaye hakuulizwa. Nimewapa vijana wawili mafundisho ya Jumatano. Wanafundisha vizuri kuliko nilivyotarajia, jambo ambalo liliniuma kidogo.

Nilirudi kwa akina Baba Kadzo wiki iliyofuata. Kuna ndugu aliyekuwa ameshauri boti iuzwe, na Baba Kadzo alikuwa tayari kuiuza, kwa hasira. Mama Kadzo ndiye aliyekataa. Alisema mume asiye na boti atakuwa anakaa kwenye kiti akimtazama, na hilo litakuwa baya zaidi. Tulicheka sote watatu, na baada ya kicheko kile maneno yalipatikana.

Walikubaliana mambo machache. Jumamosi alasiri mpaka magharibi ni ya boti, wala hatanung'unikiwa. Lakini rezini haichanganywi kabla hajamwuliza bibi yake hali ya nyumba, na siku ambayo mtoto hajisikii vizuri atapiga msasa tu, maana hiyo ni kazi ambayo mtu aweza kuiacha wakati wowote. Naye anapopiga msasa avae kitambaa cha kuzuia vumbi, na watoto wakae mbali, hasa akikwangua rangi ya zamani ya chini. Rangi hizo huwekwa sumu ili viumbe vya baharini visishike, na zile za miaka ya nyuma zilikuwa na sumu kali ya madini ya bati, ambayo mataifa yalikubaliana mwaka 2001 kuipiga marufuku, na mkataba huo ukaanza kutumika mwaka 2008. Nani ajuaye boti ile ilipakwa nini? Kuku walikuwa wakidonoa hapo hapo. Na maji ya pipa, atayachota anayeyahitaji.

Jumapili alasiri ikawa ya Mama Kadzo. Bwana anabaki na watoto na jiko, na bibi haulizwi anafanya nini.

Msidhani ilikuwa rahisi. Jumapili ya kwanza Mama Kadzo hakujua aende wapi. Alikaa kizingitini akimtazama bwana akisonga sima na kumwambia moto umezidi. Jumapili ya pili alilala tangu saa nane hadi giza, watoto wakadhani ni mgonjwa. Jumapili ya tatu alijitanda leso mpya akaondoka, akarudi saa kumi na mbili, hakusema alikotoka. Usiku huo Baba Kadzo alinipigia simu. "Mwalimu, hajaniambia alikuwa wapi."

Nikamwuliza kama bibi yake amewahi kumtaka atoe hesabu ya kila saa aliyokaa ndani ya boti.

"Lakini mimi alikuwa ananiona!" akasema.

Nikamwambia alale. Kweli nami sikujua alikuwa wapi, na nilijizuia kumwuliza. Miezi miwili baadaye Mama Kadzo alimwambia mwenyewe: alikwenda kukaa darajani, akatazama maji yakipita chini, akanunua mahindi ya kuchoma, akala yote peke yake bila kumkatia mtu.

Majuzi nilipita huko. Boti bado iko chini ya mwembe, haijagusa maji, ila tezini sasa ukigonga inalia ko, ko, ko kama mbele. Baba Kadzo hakuwapo. Pipa lilikuwa limejaa pomoni, na njia nzima ya kutoka bombani ilikuwa na michirizi ya maji. Nikamwuliza yule mtoto mdogo ni nani aliyelijaza.

"Baba," akasema. "Lakini humwaga sana. Mama hamwagi."